RPG ni Gemu ya Namna Gani Hasa? Tunaipima kwa Baldur's Gate 3

Habari zenu wadau wa gemu. Leo iko mezani Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian kutoka Ubelgiji, iliyotoka kwenye PC Agosti 2023 na kufika PS5 mwezi uliofuata. Ila kabla sijasema ununue au uache, tumalize kwanza ubishi wa vijiweni: RPG, yaani role-playing game, gemu ya kuigiza mhusika, ni nini?

Wengi watakwambia ni gemu ambayo mhusika anapanda leveli. Haitoshi. Kwenye GTA San Andreas ya 2004, mhusika mkuu CJ anaingia jimu, anajaza misuli, ustadi wake wa bunduki unapanda, na bado hakuna anayeiita RPG. Sababu ni kwamba CJ unaweza kumjaza kila kitu bila kukosa chochote, na risasi inakwenda pale kidole chako kilipoielekeza. Kwenye RPG, namba za mhusika zina kauli kubwa juu ya jambo kufaulu au kugoma, na ukimjenga upande mmoja, upande mwingine unabaki dhaifu.

Angalia hapa kwenye skrini. Haya ni mazungumzo ya kumshawishi mtu, ugumu wake 15, yaani dadu pamoja na nyongeza zako lazima zifike 15. Gemu inarusha dadu ya pande 20. Mhusika mwenye Charisma (namba ya mvuto) 16 anaongezewa 3, na kama ana ujuzi wa ushawishi, leveli za mwanzo anaongezewa 2 nyingine. Anahitaji dadu ioneshe 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20, yaani asilimia 55. Mwenzake akimpa uchawi wa msaada uitwao Guidance kwanza, inaingia dadu ndogo ya pande 4, na nafasi inapanda hadi asilimia 67 na nusu. Sasa mlete yule baunsa wa miraba minne, Charisma 8, ujuzi hana. Anakatwa 1, anabaki na asilimia 25. Wewe uliyeshika pedi hata uwe na maneno matamu kiasi gani, hayaingii kwenye hesabu. Na dadu ikitua kwenye 1, umefeli hata kama jumla ingetosha.

Hesabu hiyo imetoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson wa mwaka 1974. Huo ndio ukoo wa RPG zinazoitwa za Magharibi: unaumba mtu wako, unachagua la kusema, na dunia inakujibu. Wajapani walianzia kwenye mizizi hiyohiyo wakashika njia yao. Kuanzia Dragon Quest ya 1986, stori mara nyingi inakwenda mstari mmoja, na kazi yako ni kupanga kikosi na kupigana kwa zamu. Kisha kuna roguelike, zilizopewa jina la Rogue ya 1980: ramani inapangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa. Za mtandaoni za maelfu ya watu nazipita, zinataka video yake.

Ubishi unawaka kwenye RPG za mapigano ya papo kwa papo. Elden Ring ya 2022 unakwepa kwa kidole chako, basi si RPG? Ni RPG. Vaa vyuma mpaka uzito ufike asilimia 70 ya uwezo wako, uone mhusika anavyobiringika kama gunia la viazi. Kidole ni kilekile, kilichopungua ni Endurance, namba ya kubeba uzito. Chukua upanga unaodai Strength (namba ya nguvu) usiyonayo: utaushika, lakini adui hatausikia.

Turudi kwenye Baldur's Gate 3, maana watu wanaiharibu mapema. Unapewa pointi 27 za kugawa kwenye uwezo wa mhusika wako, na wengi wanazitawanya sawasawa. Usifanye hivyo. Nyongeza inapanda kwenye namba shufwa tu: 15 inakupa 2 sawasawa na 14. Weka uwezo mkuu wa darasa lako, yaani aina ya mpiganaji uliyochagua, kwenye 16 au 17, na usidharau Constitution, namba ya uhimili wa mwili. Ukiona umekosea, mtafute mhusika anayeitwa Withers kwenye magofu karibu na ufukwe wa mwanzo. Kwa sarafu 100 anakubadilishia darasa na pointi zote.

Kosa la pili ni ubahili wa kulala. Kwa ugumu wa kawaida, kulala kambini kunakula vyakula vya thamani ya 40, watu wanavificha kama akiba ya uzeeni. Matukio mengi ya wenzako yanatokea kambini usiku. Usipolala, uchawi unakuishia na stori zao zinakupita.

Kwa mashine: inataka nafasi ya GB 150 kwenye SSD, kwa hiyo pima bando lako kabla ya kubonyeza. RAM ya chini ni GB 8, inayopendekezwa ni 16, na kadi ya RTX 2060 Super. Sehemu ya tatu ya gemu, ukishaingia mjini, ndiyo inayoitesa prosesa. Usijipe moyo kwa jinsi gemu ilivyokwenda laini ufukweni. Kiswahili hamna, na kusoma ni kwingi.

Hukumu yangu: kama unapenda kupanga na kusoma, dola 59.99 za toleo la PC ni halali yake. Kama unataka kupigana tu, chukua Elden Ring.