Sanduku la zana la mninga kutoka Mtwara: pembe safi, sakafu ina kasoro

Sanduku hili la wazi, lenye mpini juu, huchongwa kwa oda katika karakana moja ya Mtwara mjini. Ndani lina urefu wa inchi 32, upana 9, kimo 8. Urefu umepimwa kwa akili: msumeno wa bapa la inchi 26 hufika karibu inchi 30 pamoja na mpini wake, na humu unalala bila kupindishwa.

Mbavu ni mninga uliorandwa hadi robo tatu inchi. Chaguo sahihi, kwani mninga hauvimbi wala kusinyaa sana, na sanduku tupu lina takriban kilo 8. Usishawishike kuchukua mpingo kwa kuwa Lindi upo. Uzito wake unakaribia mara mbili, na hapo zana bado hazijaingia.

Kona zimeshikwa kwa meno yaliyopanuka nchani kama mkia wa njiwa. Yamebana kiasi kwamba wembe haupiti. Meno haya yanataka nyuzi za ubao zilale, ilhali mahali pa mpini panataka nyuzi zisimame, la sivyo ubao hupasuka kwenye tundu. Fundi analijua hilo: mpini umepitishwa kwenye nguzo mbili za mkongo, nyuzi wima, zilizokazwa kwa skrubu upande wa nje. Hongera kwake.

Tatizo liko chini. Sakafu ni ubao mmoja mpana wa paini, umetiwa gundi na kupigiliwa pande zote nne. Mvua za Desemba hadi Aprili zitauvimbisha. Kusi ukiukausha utasinyaa, na kwa kuwa kingo zimeshikwa, utapasuka katikati. Misumari nayo ni ya kawaida. Hewa ya chumvi inaila, na kwa kuwa imepigwa kutoka chini, uzito wa zana unaing'oa kidogo kidogo kila sanduku linapoinuliwa. Agiza vipande vya inchi 3 au 4 vilivyolazwa kukingama, nafasi ya milimita 2 kati yake, bila gundi, kwa skrubu za shaba. Chini yake ongeza papi mbili nyembamba, sanduku lisikalie saruji yenye maji.

Tundu za patasi zimeachana inchi moja tu, mipini inagongana. Ziwe inchi mbili.

Mwenye msumeno wa inchi 22 apunguze urefu hadi inchi 28. Hukaa vizuri zaidi nyuma ya bodaboda.