Vinho Verde Mezani: Mvinyo Unaofanya Kazi ya Ndimu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Chupa iliyo mbele yangu leo ni ya Vinho Verde nyeupe, mvinyo kutoka kaskazini-magharibi mwa Ureno, na kabla sijaifungua niwakumbushe kwamba neno letu "mvinyo" asili yake ni hilo hilo "vinho" la Wareno, kwa hiyo mgeni huyu si mgeni sana kwetu. Verde maana yake ni kijani, lakini msitafute ukijani ndani ya glasi, kwani hata mwekundu upo. La kushika ni kwamba mvinyo huu hunywewa ungali mchanga.

Mipaka ya eneo lake iliwekwa kisheria mwaka 1908. Ni nchi ya miamba ya matale, yenye mvua nyingi na upepo wa Atlantiki, na zabibu zake huvunwa zikiwa na uchachu mwingi na sukari ya wastani. Ndiyo sababu chupa hii ina kilevi cha asilimia 10 tu, ilhali mivinyo mingi myeupe hufika 12 au 13.

Sasa namimina. Rangi yake imekaribia ile ya maji ya dafu, na mnaona viputo vidogo vilivyong'ang'ania ukingo wa glasi. Zamani viputo hivyo vilitokana na uchachukaji uliomalizikia ndani ya chupa. Siku hizi wazalishaji wengi huongeza gesi wakati wa kujaza, nami sioni ubaya wowote. Lebo inataja zabibu za Loureiro, Arinto na Trajadura. Harufu ni ya maua na ganda la limau, na funda la kwanza linakaza mashavu kama embe bichi lililoliwa bila chumvi.

Mfano huo wa embe ndio ufunguo wa chakula chake. Embe bichi likipakwa chumvi, ukali wake hupoa na utamu hujitokeza, na mvinyo huu ukikutana na chakula chenye chumvi hubadilika vivyo hivyo. Wareno huunywa pamoja na sardini waliochomwa juu ya makaa kwa chumvi ya mawe, kombe waliopikwa kwa kitunguu saumu na majani ya giligilani, na vibonge vya kukaanga vya samaki mkavu wa chumvi, waviitavyo bolinhos de bacalhau. Mimi nimekaanga samaki aina ya changu, nikaacha kumkamulia ndimu makusudi, na kila baada ya tonge mvinyo umeyaondoa mafuta mdomoni bila kuificha ladha ya samaki. Kamba wa kuchoma nao watafaa, hata wakiwa na pilipili, kwa kuwa kilevi kidogo hakiuchochei moto wake.

Samaki wa kupaka ni shauri jingine. Tui zito liliumeza mvinyo huu kabisa, nikabaki na ukali mtupu. Kwa mchuzi huo tafuteni Vinho Verde ya zabibu ya Alvarinho kutoka Monção na Melgaço, ambayo ina mwili mzito zaidi, yaani huhisika nzito zaidi mdomoni, na bei yake ni ya juu kidogo. Nyama choma wala msijaribu.

Lalamiko langu kubwa ni kwamba chupa hii haina mwaka wa mavuno, nalo ni jambo la kawaida kwa zile za bei nafuu. Niliwahi kununua moja iliyokuwa imekaa dirishani mwa duka, juani, nikaikuta imegeuka rangi ya dhahabu, haina kiputo hata kimoja, na inanuka tofaa lililokatwa jana. Basi chagueni yenye mwaka, ikiwezekana wa mavuno ya karibuni, muinywe ikiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10, na mkishaifungua imalizeni siku hiyo hiyo, maana kesho yake viputo vitakuwa vimekwisha.