Cheti gani cha kuaminia rangi, gundi na mbao za ndani

Lalamiko la wanunuzi ni lile lile: kopo limeandikwa "VOC sifuri" (yaani halina kemikali tete, zile zinazovukizwa hewani), chumba kimepakwa, na wiki ya tatu bado kinanuka. Namba ya kwenye kopo hupima kemikali tete zilizomo ndani ya rangi, kwa gramu kwa lita. Haisemi lolote kuhusu kinachotoka ukutani rangi ikishakauka.

Sheria ya rangi ya Umoja wa Ulaya huhesabu tu kemikali zinazochemka kufikia nyuzi 250 za Selsiasi. Texanol, inayosaidia rangi kuungana na kuwa utando, huchemka juu kidogo ya hapo. Haihesabiwi, lakini huvukizwa polepole kwa wiki kadhaa. Marekani nako, asetoni haihesabiwi. Tena "sifuri" mara nyingi humaanisha chini ya gramu 5 kwa lita. Kuta za mita za mraba 40, mikono miwili, hula kama lita 8. Hapo umeruhusu hadi gramu 40 chumbani. Halafu inakuja tinti. Kilichopimwa huenda ni rangi nyeupe, na dukani wanamimina tinti yenye glikoli, ambayo nayo ni kimiminika kinachovukizwa, hasa kwa rangi nzito.

Kwa hiyo lipia cheti kinachotokana na kupima hewa katika chumba cha maabara.

Cha kwanza kwangu ni GREENGUARD Gold. Jumla ya kemikali tete isizidi mikrogramu 220 kwa mita ya ujazo, na fomaldihaidi (gesi ya sumu itokayo hasa kwenye gundi za mbao) isizidi 9. Kinahusu rangi, mbao, vifaa vya kuzuia joto, hata samani, na orodha ya UL, shirika linalotoa cheti hiki, iko wazi kwa yeyote kutafuta. Angalia neno "Gold". GREENGUARD ya kawaida huruhusu 500, na fomaldihaidi zaidi ya mara sita, lakini wauzaji huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja na bei ni ile ile. Huko ni kumdhulumu mnunuzi.

Kwa gundi ya sakafu na grauti (ya kujaza mianya ya vigae), chukua cheti cha EMICODE EC1 Plus: jumla ya kemikali tete isizidi mikrogramu 750 kwa mita ya ujazo siku ya 3 ya kipimo, na 60 siku ya 28. EC1 bila Plus ni 1000 na 100.

FloorScore ni cheti cha hewa cha sakafu ngumu kama vinili. Cheti cha vinili hakiibebi gundi iliyo chini yake. Dai cha gundi pia.

Lebo ya A+ ya Ufaransa huruhusu chini ya mikrogramu 1000 za jumla, na mtengenezaji hujitangazia mwenyewe. Inatosha kwa bajeti ndogo.

Kwa MDF, yaani mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi, alama ya TSCA Title VI (fomaldihaidi isizidi sehemu 0.11 kwa milioni) ni kima cha chini cha sheria ya Marekani, si sababu ya kupandisha bei. Kingo zilizokatwa hutoa fomaldihaidi zaidi ya uso. Zizibwe zote, hata za nyuma ya kabati.

Kabla ya kulipa, linganisha jina na namba ya bidhaa kwenye cheti na za kwenye kopo, soma tarehe ya mwisho, kisha uliza kama tinti ilipimwa pamoja na rangi. Ukioneshwa ISO 14001, irudishe: inahusu uendeshaji wa kiwanda, si hewa ya chumba chako. Jengo likilenga LEED v4.1, cheti cha majengo rafiki kwa mazingira, tunza karatasi za aina zote mbili: za kilichomo koponi na za kipimo cha hewa. Rangi zote zitimize kikomo cha gramu kwa lita, na angalau asilimia 75 zipite kipimo cha hewa.