Model M kwenye XT: plagi inaingia, herufi haziingii

Kwa mwenye haraka: kibodi ya IBM Model M ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuzigusa, na nimekuwa mpiga chapa kwa miaka 27. Ila kama unaitafutia kompyuta ya IBM XT, usikubali kuuziwa adapta ya plagi peke yake. Unahitaji kigeuzi chenye chipu. Mimi nililipa mara mbili kabla ya kulijua hilo.

XT yenyewe ilikuwa ya baba mdogo. Alikuwa mhasibu wa shamba la mkonge huku kwetu Tanga, na ofisi ilipouza vifaa chakavu akainunua. Ni IBM 5160, ile yenye swichi kubwa nyekundu ubavuni, na skrini yake ni ya kijani. Ukifuta herufi inaacha kivuli kidogo kabla ya kupotea. Ndani mna diski ya megabaiti 20, na kwenye diski hiyo mna habari za ukoo wetu. Alikuwa akiziandika kwa WordStar, programu ya zamani ya kuandikia, kila baada ya swala ya Isha, faili moja kwa kila mzee. Alitutoka akiwa katikati ya habari za bibi yake mzaa mama. Kurasa za mwanzo kabisa nilimpigia mimi kwa taipureta, ndiyo maana familia ikasema mashine ije kwangu. Nilitaka niendelee pale alipoishia, kwenye skrini ileile.

Kibodi yake ya asili, ya vitufe 83, ilikuwa imekufa. Ndani yake mna sponji nyembamba iliyobanwa kati ya mabamba mawili ya chuma, na hewa yetu ya bahari imeifanya unga mweusi unaonata. Nusu ya vitufe haviitiki. Inafufulika, lakini sponji mpya lazima ikatwe kwa kipimo na itobolewe tundu kwa kila kitufe, na sikumpata wa kuifanya kazi hiyo kwa wakati.

Model M niliikuta kwa muuza mitumba ya elektroniki Dar es Salaam, chini ya boksi la nyaya. Shilingi 40,000. Kibandiko cha mgongoni kinasema 1391406, ambayo ni namba ya mpangilio wa Uingereza, na tarehe ni ya mwaka 1989. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Ukiiweka mezani haisogei hata ukipiga kwa hasira.

Niseme kidogo kuhusu mguso wake, maana kinachofanya mtu aihangaikie ni huo. Kila kitufe kina springi yake. Ukibonyeza, springi inakaza, inakaza, halafu inapinda ghafla ubavuni na kugongesha kinyundo kilichoko chini yake: kach! Herufi inaingia papo hapo springi inapopinda, kwa hiyo kidole kinapata habari kabla ya jicho. Kwenye kibodi za siku hizi za mpira nabonyeza hadi chini kila mara kwa sababu sijui mwisho uko wapi, na jioni vifundo vya vidole vinauma. Kwenye hii nimepiga saa tatu mfululizo na mikono ikabaki myepesi. Wanaolala chumba cha pili watasikia, hilo ulijue mapema.

Unapoinunua, itikise. Bamba la ndani limeshikwa na vichwa vidogo vya plastiki ambavyo kwa uzee hukatika na kubaki vikizunguka ndani. Yangu ilikuwa na sita vimekatika, na safu ya namba ilikuwa imelegea. Tulitoboa na kuweka skrubu nyembamba zenye nati, ikakaza.

Sasa kosa lenyewe. Model M yangu ina plagi ndogo ya pini 6, na XT ina tundu kubwa la pini 5. Muuzaji akanipa adapta ya kutoka ndogo kwenda kubwa, shilingi 8,000, akanihakikishia kuwa kibodi yoyote ya zamani inaingia kwenye kompyuta yoyote ya zamani. Nyumbani plagi iliingia kama imezaliwa humo. Nikawasha. Mashine ikahesabu kumbukumbu yake hadi 640 KB OK, kisha ikaandika 301. Hiyo kwa IBM ni namba ya hitilafu ya kibodi. Nikabonyeza herufi zote, na skrini ikanitazama tu. Kwa kuwa sikujua, nikadhani adapta ni mbovu, nikarudi Dar nikabadilishiwa adapta kwa kulipa tena. Namba ikawa ileile, 301.

Aliyenieleza ni fundi kijana wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, anayetengeneza redio na vikuza sauti. Aliniamkia, akaitazama plagi, akaichomeka kibodi kwenye kompyuta moja ya zamani kidogo dukani kwake, ikaandika vizuri. "Mama, kibodi yako nzima. Ila hii na XT yako haziongei lugha moja."

Maelezo yake, nilivyoyaelewa na kuyahakiki baadaye, ni haya. XT ilitoka mwaka 1983. Kibodi yake hutuma tu na haipokei maagizo. Inarusha biti 9 kwa kila kitufe, basi. Mwaka uliofuata IBM ikatoa kompyuta ya AT na kubadilisha mazungumzo yote: kibodi hutuma biti 11, pamoja na biti ya kuhakiki, na kompyuta nayo huweza kuiagiza kibodi, kwa mfano iwashe taa ya Caps Lock. Tundu likaachwa lilelile la pini 5, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Hata namba za vitufe si zile (huandikwa kwa hesabu ya kompyuta, inayochanganya tarakimu na herufi). Ukibonyeza A, kibodi ya XT hutuma 1E, na Model M yangu hutuma 1C. Kwa XT, 1C ni Enter! Ukiachia kitufe, ya XT huongeza 80 juu ya namba ileile ikawa 9E, wakati Model M hutanguliza F0 ndipo irudie 1C. Adapta ni nyaya tupu, haiwezi kutafsiri hata neno moja.

Zipo kibodi za mwishoni mwa miaka ya 1980, za kampuni nyingine, zenye kiswichi mgongoni kilichoandikwa XT upande mmoja na AT upande wa pili. Ukiipata moja, umemaliza shida kwa kuteleza kidole. Model M yangu haina.

Fundi akanitengenezea kigeuzi. Ni kibao kidogo kuliko kiberiti, chenye chipu moja ya PIC ya miguu 8, kinachopata umeme wake wa volti 5 kutoka tundu lenyewe la kibodi. Programu yake wapenzi wa mashine za zamani wameshaiandika na kuiweka bure mtandaoni. Yeye aliimimina kwenye chipu na kuchomelea nyaya. Ilichukua siku tisa, shilingi 55,000 pamoja na plagi.

Kuna jambo moja hapa litakaloweza kuiokoa mashine ya mtu. Pini za plagi kubwa ya pini 5 hazikupangwa moja, mbili, tatu. Ukizifuata kwenye nusu duara ni 1, 4, 2, 5, 3. Ya 4 ni ardhi na ya 5 ni volti 5. Ukiangalia mchoro wa upande wa mbele huku wewe unachomelea kwa nyuma, hizo mbili zinabadilishana mahali. Fundi wangu alikosea hivyo hivyo mara ya kwanza. Kilichomfaa ni tabia yake ya kupima kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Akaona umeme uko upande wa ardhi, akafumua na kuanza upya. Na kibodi uichomeke au uichomoe kompyuta ikiwa imezimwa, kila mara.

Nilipowasha na kigeuzi, 301 haikutokea. Mlio mmoja mfupi, kisha C:\>, alama ya kwamba mashine inasubiri amri. Nikaandika DIR, amri ya kuorodhesha mafaili, na majina ya wazee wetu yakashuka skrini nzima.

Mambo mawili yalibaki. La kwanza: nilipobonyeza Shift na 2 kupata alama za kufungua usemi, ilikuja @, maana mashine ilidhani kibodi ni ya Marekani. Niliongeza mstari wa KEYB UK kwenye AUTOEXEC.BAT, faili ambalo mashine hulisoma kila inapowashwa, ikakaa sawa. Alama hizo nilizihitaji, maana baba mdogo alikuwa ameandika maneno ya wazee kwa kunukuu karibu kila ukurasa.

La pili ni zito zaidi kwa anayetumia WordStar. Programu ile inaendeshwa kwa Ctrl: Ctrl na S inarudisha nyuma, D inapeleka mbele, E juu, X chini. Kwenye kibodi ya XT, Ctrl iko kushoto kwa A, kidole kidogo kinaigusa bila mkono kuhama. Model M imeweka Caps Lock hapo na kuipeleka Ctrl pembeni chini. Siku mbili nzima nilikuwa nikitaka kurudi nyuma neno moja, badala yake naandika SSSS kwa herufi kubwa katikati ya habari za marehemu. Iliniumiza. Nilirudi kwa fundi, akabadilisha programu ya chipu ili Caps Lock itume namba ya Ctrl na Ctrl itume ya Caps Lock. Hakunitoza. Vifuniko vya vitufe havibadilishani kwa sababu upana wake si mmoja, kwa hiyo nimebandika kipande cha plasta juu ya Caps Lock na kuandika C kwa kalamu ya wino.

Hesabu yangu yote: kibodi 40,000, adapta mbili zisizo na kazi 16,000, kigeuzi 55,000, skrubu 3,000. Ukianza na kigeuzi, utaokoa zile 16,000 na nauli ya basi. Kigeuzi cha pili nimeshamwagiza fundi, kikae akiba kwenye droo ya baba mdogo pamoja na disketi zake, kwa sababu bibi mzaa mama bado ana wajukuu kumi na mmoja ambao hawajaandikwa.