Niliuziwa Colnago, nikaletewa Peugeot

Tangazo la baiskeli ya mbio ya Kiitaliano lilisema "Colnago halisi ya miaka ya 70", euro 700, hapa hapa Ghent, Ubelgiji, ninakoishi. Picha zilinimaliza: fremu nyekundu, stika ya pau kama ya kwenye karata (nembo ya Colnago), gia ya nyuma ya Kiitaliano, Campagnolo Nuovo Record. Pupa ikanishika, nikalipa jioni ileile.

Shaka ilianzia kwenye nguzo ya siti. Colnago nyingi za enzi hizo hubeba nguzo ya kipenyo cha milimita 27.2; yangu ilikuwa 26.4. Nikachukua kalipa nikapima bomba la juu la fremu: 26 kamili. Hapo nikaketi sakafuni. Kwa kawaida Waitaliano na Waingereza walitumia bomba la juu la 25.4 na la chini la 28.6. Ukikuta 26 na 28, uko Ufaransa.

Nikaipeleka kwa fundi, mzee wa Kibelgiji asiye na haraka. Akafungua ekseli ya pedeli. Bomba linaloibeba lilikuwa na upana wa milimita 68, hesi zake za kipenyo cha 35. Ingekuwa ya Kiitaliano tungekuta 70 na 36, na hilo stika haiwezi kulidanganya. Akakwangua rangi kidogo mahali pasipoonekana: chini ya nyekundu kuna nyeupe, na kwenye maungio ya mabomba, yale yenye mikato ya urembo, nyeusi. Ni sare ya Peugeot PX-10, baiskeli ya mbio ya Kifaransa, yenye mabomba ya chuma ya Reynolds 531.

Na ile Campagnolo? Hiyo ni halisi, imegongwa "PATENT-77". Ila huo ni umri wa gia yenyewe tu. Vipuri huhama kutoka baiskeli hadi baiskeli, kwa hiyo anayekutajia mwaka wa fremu kwa kusoma gia anabahatisha, au anakuuzia.

Muuzaji nilipomwandikia alijibu kwamba naye aliinunua hivyohivyo. Baada ya hapo, kimya. Mzee alinifariji kwa kunikumbusha kuwa Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alishinda mbio za Milan–San Remo za 1966 na 1967 akiwa timu ya Peugeot. (Kwa Mbelgiji, hiyo ni kama kukusomea dua.)

Mwendo wake, kusema kweli, nimeupenda. Barabara za mawe za huku huwa zinatikisa meno, lakini hii inapita kwa upole na haikurupuki kwenye kona. Kinachonisumbua ni shingo ya usukani: mtu alilazimisha ya milimita 22.2 mahali pa 22.0, na sasa nasaka ya Kifaransa kabla bomba la foko (uma wa gurudumu la mbele) halijapasuka.

Baiskeli nyota 4. Muuzaji 1, na hiyo moja ni kwa sababu aliifunga vizuri kwenye boksi.