Kiti cha Polyprop na kazi ya Robin Day: uchambuzi

Watazamaji wapendwa, kiti mnachokiona hapa mbele yangu ni Polyprop, kilichosanifiwa na Mwingereza Robin Day kwa ajili ya kampuni ya Hille na kuingia sokoni mwaka 1963. Nitakichambua pamoja na kazi ya msanifu mwenyewe, kwa sababu kwa maoni yangu Day hakuwa fundi wa maumbo ya kushangaza; ubingwa wake ulikuwa kwenye gharama.

Hilo lilijitokeza mapema. Mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado inahangaika na uhaba wa mbao baada ya vita, yeye na Clive Latimer walishinda tuzo katika shindano la samani za bei nafuu lililoandaliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na ushindi huo ndio uliomfungulia milango ya Hille.

Charles na Ray Eames wa Marekani walikwishamtangulia kutengeneza viti vya gamba moja, yaani kikalio na mgongo vikiwa kipande kimoja, lakini vyao vilikuwa vya nyuzi za kioo, na kuvitengeneza kulikwenda polepole. Day alichagua polipropilini, plastiki nyepesi na rahisi iliyokuwa ngeni katika samani, ambayo huyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu yenyewe ilikuwa ghali mno, ila moja tu iliweza kutoa magamba yapatayo 4,000 kwa wiki.

Sasa nakigeuza. Tazameni ukingo ulivyokunjwa kuelekea chini: bila mkunjo huo gamba jembamba kama hili lingelegea mtu anapoegemea. Hapa chini kuna vishikizo vya skrubu vilivyofinyangwa pamoja na gamba, hivyo miguu hufungwa bila kutoboa sehemu ya kukalia. Gamba hilohilo lilifungwa kwenye miguu ya ofisini, ya kumbi na, mwaka 1968, katika uwanja wa Olimpiki nchini Mexico.

Kasoro zipo. Wakati wa joto plastiki hunata mgongoni, na kukaa muda mrefu bila mto kunachosha. Mikono nayo ilisubiri toleo la mwaka 1967. Anayenunua kilichotumika akigeuze kwanza, akague vishikizo hivyo kimoja kimoja, kwani kikipasuka gamba zima halina kazi, hata kama rangi yake bado inang'aa.