Bigsby B5 kwenye gita la umeme: tathmini ya kifaa na ya ufungaji wake

Mpiga gita wa bango, muziki wa dansi wa Pwani ya Kenya, anayetaka kodi nzima (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) iyumbe taratibu kabla ya kufifia hawezi kuitikisa ipasavyo kwa vidole pekee. Kwa sababu hiyo nilifungiwa Bigsby B5, kifaa chenye mkono wa kuyumbisha sauti ya nyuzi, katika karakana moja ndogo ya Majengo, Mombasa, kwenye gita la aina ya SG la Gibson, lenye uso bapa na mwili wa mbao usio na uwazi ndani.

Paul Bigsby wa Marekani alibuni kifaa hiki mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyuzi hushikwa kwenye fimbo ya mviringo, na mkono wa kifaa unapobonyezwa, fimbo huzunguka kidogo na kuzilegeza zote kwa pamoja, kisha springi fupi iliyo chini ya mkono huirudisha mahali pake. B5 ina fimbo ya pili inayozikandamiza nyuzi ili zitulie juu ya daraja, yaani kipande kinachozibeba nyuzi mwilini mwa gita, jambo ambalo pia huongeza msuguano, na msuguano ndio adui mkubwa wa gita la namna hii.

Fundi alikataa kutoboa mbao, uamuzi ninaousifu. Alitumia kibao cha Vibramate V5, ambacho hukazwa kwenye matundu yaleyale ya mkia wa awali (kipande kilichoshika ncha za nyuzi), hivyo gita linaweza kurudishwa lilivyokuwa wakati wowote. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Muda mwingi aliutumia kulainisha mifereji ambamo nyuzi hupita, ya darajani na ya kule karibu na kichwa cha gita, na kuipaka unga wa penseli, maana uzi ukikwama humo haurudi kwenye sauti yake hata kifaa kiwe bora namna gani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fundi alipostahili malipo yake. Kufunga skrubu hata mimi naweza.

Matokeo yananiridhisha. Sauti hupanda na kushuka kwa takriban nusu toni, kiasi kinachoufaa muziki wetu wa Pwani, ingawa anayetaka nyuzi zilegee kabisa na kupiga kelele atafute Floyd Rose, kifaa kingine cha aina hii kinachozilegeza nyuzi zaidi. Gita limekuwa zito zaidi, na mkanda mwembamba sasa unaumiza bega. Umbo la alumini halishiki kutu, lakini springi na skrubu za chuma zapaswa kufutwa kila baada ya kupigwa, kwa kuwa hewa ya chumvi ya Mombasa haichagui.

Ubadilishaji wa nyuzi nao unataka subira: kila kipete cha mwisho wa uzi huvikwa kwenye kijiti cha fimbo, na huchomoka usipoukunja uzi kwanza. Tena uzi mmoja ukikatika, mvuto wa zile nyingine hubadilika na sauti zao hupanda, kwa hiyo anayepiga harusini aende na gita la pili.